Fundi kaniulia kioo cha dashibodi ya Datsun ya mzee, na hela kachukua

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nina Datsun 120Y ya mwaka 76, aliiacha marehemu mzee. Injini iko poa, bodi nilishapiga rangi, kilichobaki ni kile kioo cha mbele ya spidomita na geji. Tunaita kioo ila ni plastiki, sasa miaka yote hiyo inapigwa jua la Dar na kufutwa vumbi na tambara kavu, imeingia ukungu na mikwaruzo mpaka usiku hujui mshale uko 40 au 80, unakadiria tu kama unanunua dagaa kwa fungu.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Gerezani anayepolishi taa za magari, watu wanamsifia balaa. Nimempelekea paneli nzima nimeshaifungua mwenyewe, akasema bosi hiyo kazi ndogo, elfu 40, rudi saa kumi. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu huu, fundi hiyo ni plastiki ya akriliki, usiiguse na thina wala petroli. Akacheka. "Bosi hizi kazi nimeanza wewe hujaoa."

Saa kumi nafika nakuta msiba. Jamaa kaiosha na thina "kutoa mafuta", akriliki ikipata thina inapasuka vinyufa vidogovidogo kama utando wa buibui na havitoki hata ukisugua mwaka mzima maana vimeingia ndani. Halafu kaweka mashine ya kupolishi spidi kubwa, kavu, hana hata tone la maji, katikati pameyeyuka pamekuwa na bonde. Alipoona kaharibu akapuliza klia, ile vanishi angavu ya gari, juu ili kuficha!! Na kioo hakukitoa kwenye paneli, vumbi lote la msasa liko ndani kwenye namba za spidomita.

Namuuliza vipi ananiambia plastiki yenyewe ilikuwa imechoka bosi, ya zamani hiyo. Imechoka?? Imekaa miaka karibia 50 haijapasuka, imepasuka kwako kwa masaa manne!

Sasa kinachoniuma hasa ni hiki. Wiki moja kabla nilijaribu mwenyewe kwenye mita ya pikipiki ya mdogo wangu, ilikuwa imekwaruzika hovyo. Msasa wa maji namba 1000, nikaja 1500, 2000, nikamalizia 3000, muda wote nalowanisha na maji yenye sabuni ya vyombo kidogo, na kila nikibadili namba nabadili upande wa kusugua, nikianza kwenda kulia kushoto inayofuata ni juu chini, ili nione michirizi ya msasa wa nyuma imeisha kabla sijaendelea. Ukiruka namba utajuta kwenye polishi. Mwisho polishi ya kawaida ya rangi ya gari na kitambaa laini, kwa mkono. Ikatoka safi kama maji ya chupa. Kituko kimoja tu, nilipofuta na kitambaa kikavu mshale ukapanda wenyewe pikipiki imezimwa, dogo akapiga kelele nimeua mita, kumbe ni umeme tuli wa kusugua plastiki, nikapitisha kitambaa chenye unyevu ukarudi sifuri.

Yaani naweza. Ila nikasema hapana, hiki ni cha mzee, nisikichezee, nikampe mtaalamu. Mtaalamu!!

Nimempigia tangu juzi, mara simu inaita haipokelewi mara haipatikani. Jana nikamfuata mguu kwa mguu, kijana wake akaniambia kaka leta tukuwekee tinti haitaonekana. Tinti kwenye spidomita wakuu. Niliondoka kabla sijashika spana ya mtu.

Shauri Moyo nimezunguka duka kwa duka, wananionyesha za Corolla. Mwenye 120Y iliyokufa uani au anayejua ilipo anicheki, nahitaji hicho kioo tu. Kikiwa na ukungu au mikwaruzo sawa, mikwaruzo naiweza.