Chembe za jeli, mboji au makumbi ya nazi: kipi kinashika maji zaidi?

Tuta_Kichanga: Wadau, udongo wangu ni kichanga, maji yanapita kama kwenye chujio. Nina tuta la nyanya na vyungu vya lita 10. Nitie chembe za jeli zinazonyonya maji, mboji, au vumbi la makumbi?

Mpanda_Vyungu: Mkuu, tenganisha vyungu na tuta. Kwenye vyungu chembe zinafaa, ila pima: gramu 1 kwa lita ya udongo, isizidi 2. Chungu chako kinataka gramu 10. Loweka kwenye lita 2 za maji kwa saa 2 hivi, mpaka zing'ae kama barafu iliyopondwa, ndipo uzichanganye na udongo wa chini, mizizi inakofika. Ukizitia kavu na kuzidisha, ukimwagilia tu zinavimba, zinasukuma mche juu na mizizi inabaki kwenye uwazi. Usiziache juu ya udongo: zinateleza kama kamasi na jua linazila.

Kemia_ya_Udongo: Soma pakiti kwanza. Jeli ya bustani ni ya potasiamu. Ya sodiamu ndiyo iliyomo kwenye nepi, na tafadhali msipasue nepi mkatia kwenye chungu, sodiamu inadhuru mizizi na kuharibu udongo. Halafu ile sifa kwamba chembe zinanyonya maji "mara 400 ya uzito wake" ni kwa maji yasiyo na madini. Kwenye maji magumu, kalsiamu na magnesiamu zinaikaza polima (kemikali iliyounda chembe hizo) isivimbe. Mbolea ya chumvichumvi nayo inaisinyaza. Jaribu kabla ya kununua nyingi: gramu 1 kwenye nusu lita ya maji unayomwagilia, ilale usiku kucha, chuja, pima jeli. Ikigoma chini ya gramu 50, hela yako itafanya kazi zaidi kwenye mboji.

Shamba_Hai: Kwa tuta sina shaka, mboji. Tandaza unene wa sentimita 5, changanya mpaka kina cha sentimita 15 au 20, juu weka matandazo ya nyasi kavu, yasiguse shina. Chembe zinashika maji tu; mboji inashika maji na kulisha udongo. Inaoza, kwa hiyo kila msimu unaongeza. Makumbi ni mazuri kwenye vyungu, lakini yasuuze mara kadhaa, mara nyingi yana chumvi.

Tuta_Kichanga: Asanteni. Chembe zinadumu muda gani?

Kemia_ya_Udongo: Miaka michache, na uwezo unashuka kidogo kidogo. Za wanga zinaoza mapema zaidi. Ila usiache kumwagilia kwa kuzitegemea: jeli ikishakauka haina cha kutoa. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Pakiwa pakavu huko chini, mwagilia polepole, mara mbili, upe jeli nafasi ya kunywa kabla maji hayajatoka chini ya chungu.