Acheni kuchakachua mazimwi ya Homer!

Wakuu, leo nina hasira na nitazimwaga hapa hapa.

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na video ya "mazimwi ya kutisha ya Ugiriki ya kale". Sauti nzito, picha za kompyuta, na uongo juu ya uongo. Chini yake watu wanashukuru kwa elimu. Elimu gani?

Wanamweka Kraken humo. Kraken hayumo kwa Homer wala kwa Hesiod, washairi wa kale wa Ugiriki! Ni dude la baharini la masimulizi ya mabaharia wa Norwei. Filamu ya mwaka 1981 ndiyo iliyomtumbukiza kwenye hadithi ya shujaa wa Kigiriki Perseus.

Siren nao, wale wanaowatega mabaharia kwa nyimbo, wanachorewa mikia ya samaki. Homer hasemi lolote kuhusu umbo lao, na Wagiriki waliochora vyungu waliwapa miili ya ndege na vichwa vya wanawake. Tena hawamtegi shujaa Odysseus kwa urembo. Soma kitabu cha 12 cha Odisea, shairi la Homer kuhusu safari yake ya kurudi nyumbani: wanamwimbia kwamba wanajua yote yaliyowapata watu vitani Troya, na kila linalotokea duniani. Wanamtega kwa maarifa! Mjanja kama yule ungemtega kwa kitu gani kingine?

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni Polyphemus, lile jitu la jicho moja. Wamemgeuza jitu la kunguruma tu. Nenda kitabu cha 9 uone pango lake: vichanja vimejaa jibini, wana-kondoo na wana-mbuzi wametengwa kwa umri, wakubwa zizi lao, wachanga la kwao. Jioni anakamua kwa utaratibu, kila mtoto anamrudisha kwa mama yake, nusu ya maziwa anaigandisha, nusu anajiwekea ya kunywa. Kisha mikono ileile inawakwapua watu wawili na kuwabamiza chini kama watoto wa mbwa, ubongo unatapakaa, anawala asisaze hata mfupa. Utaratibu ule wa jioni ndio unaofanya ukatili huu usisimue mwili.

Halafu Odysseus akishampofusha kwa kigingi cha moto, anakaa mlangoni akipapasa migongo ya kondoo. Dume lake kubwa la kondoo linatoka mwisho, Odysseus kajishikiza tumboni ili atoroke, na jitu linaliuliza kwa upole: mbona leo wewe ni wa mwisho, uliyezoea kutangulia malishoni na mtoni? Unalililia jicho la bwana wako? Mimi hapo huwa namwonea huruma mla watu, na hiyo ndiyo kazi ya mshairi. Video zote nilizoziona zinaruka sehemu hii ili zikimbilie kigingi cha moto!

Medusa, yule mwenye nywele za nyoka, ndiyo kabisa. Kwa Homer ni kichwa tu: kipo kwenye ngao ya mfalme Agamemnon, na kule kuzimu Odysseus anaogopa malkia wa huko, Persephone, asije akamletea kichwa hicho. Hesiod anasema Poseidon, mungu wa bahari, alilala naye kwenye majani laini, kati ya maua ya masika. Habari ya kunajisiwa hekaluni kisha kuadhibiwa kwa nywele za nyoka ni ya Ovid, Mroma aliyeandika karne nyingi baadaye. Ni shairi zuri, simkatazi mtu kulisimulia. Lakini taja kwamba ni Ovid! Usimsingizie Homer.

Wenye chaneli mpo humu, najua mnasoma. Kabla ya kurekodi nyingine, someni angalau kitabu cha 9 chote.