Binti wa miaka 11 anasoma kuliko umri wake: vitabu vya sekondari, vya zamani au vya watoto?

MamaWawili_Moro
Habari zenu wadau. Binti yangu yuko darasa la sita, ana miaka 11, na hakuna karatasi inayompita bila kusomwa, hata gazeti lililofungiwa maandazi. Vitabu vyembamba vya picha amevichoka. Hadithi za bure za African Storybook anasema ni za wadogo zake. Sasa ameanza kunyemelea rafu ya kaka yake wa kidato cha tatu. Naona njia tatu: nimwachie hivyo vya fasihi vya sekondari, nimtafutie vya zamani (Shaaban Robert, Abunuwasi, Alfu Lela Ulela), au niendelee na vya rika lake japo vinaisha haraka. Nyumbani kwenu mmefanyaje? Nataka vya Kiswahili, vya Kiingereza shule inampa vya kutosha.

Mjukuu_wa_Bibi
Mwachie asome. Sisi tulisoma kila kilichopatikana na tuko hai.

MwalimuFasihi
Mjukuu, "tuko hai" nacho ni kipimo? 😀

Dada, hiyo rafu ya kaka yake ina vitu vya kila namna, usiihukumu kwa pamoja. *Takadini* mpe hata leo. Sekai anatoroka na mwanawe zeruzeru ili asiuawe. Inatisha, lakini mama yuko upande wa mtoto tangu mwanzo, na msomaji mdogo anapata pa kujishikiza. *Ngoswe* atacheka: karani kaenda kuhesabu watu, kanasa kwa binti wa mwenyeji, karatasi za serikali zimeishia motoni. Tatizo ni tamthilia, na watoto wengine hawana subira na majina ya wahusika kila mstari.

Ambacho ningekichelewesha ni *Watoto wa Mama Ntilie*. Lugha yake nyepesi na wahusika wake ni watoto, kwa hiyo wazazi hudhani ni cha watoto. Humo mna baba mlevi, watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare wakaenda kuchakura jalalani, na misiba. Akikitaka sana, someni wawili. *Kilio Chetu* kinahusu UKIMWI na vijana ambao hakuna mtu mzima aliyewaeleza kitu. Binti anayekaribia kuvunja ungo hastahili kufichwa hicho, ila akipate mkononi mwako, asikiokote chini ya godoro la kaka yake.

Baba_Nasra
Mimi ningeenda na vya zamani moja kwa moja. Kiswahili safi, maadili, hakuna mambo ya ajabu.

Pwani_Tanga
Baba Nasra, hapo kwenye "hakuna mambo ya ajabu" tusidanganyane. Alfu Lela Ulela inaanza na mfalme anayeoa kila usiku na kuua mke kila asubuhi. Hata *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, kitabu chembamba ambacho kila mtu anakitaja, kinafunguka kwa liwali anayewachapa manyani wawili kila usiku huku analia, na manyani wenyewe ni ndugu zake waliomtosa baharini kwa husuda. Mimi naona ndiyo raha yake! Mtoto wa miaka 11 atataka kujua kwa nini anawachapa na kwa nini analia, na hatakiweka chini mpaka ajue. Ukatili wa hadithi za majini mtoto anaujua ni wa hadithi.

*Kusadikika*, ya Shaaban Robert pia, subiri. Nchi iliyo angani, mshtakiwa Karama anajitetea mbele ya mfalme, mjumbe mmoja baada ya mwingine anasimuliwa. Mtoto anaweza kusoma maneno yote, lakini utamu wake ni kujua serikali inasemwaje kwa mafumbo. Akiwa na miaka 14 atakuwa na watu wa kuwafananisha.

Mkereketwa254
Salamu kutoka Kitale. Huku kwetu watoto wa Gredi ya 6 husoma *Ndoto ya Amerika* ya Ken Walibora bila kusukumwa, ni fupi na inakwenda mbio. Akiipenda, mwekee *Siku Njema* ya mwandishi huyohuyo kwa mwaka ujao au unaofuata. Kijana anatoka Tanga kuja huku kumtafuta babake, mamake alikuwa mwimbaji wa taarab. Pwani_Tanga hajaitaja na ni ya kwao!

Pwani_Tanga
Nilikuachia wewe, ndugu yangu.

MwalimuFasihi
Niongeze moja, maana naona tunapima kwa ugumu wa lugha. Chukua *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya 1971. Sentensi fupi, mtoto wa darasa la sita anaimaliza kwa siku mbili. Lakini ilipotoka ilizuiwa mashuleni, na ukiisoma utaelewa waliogopa nini: baba anayepiga kwa sababu ya barua tu, binti anayefika shuleni bila kujua chochote kuhusu wanaume, na mwisho wake. Kitabu kikubwa, kwangu mimi ni miongoni mwa bora tulivyonavyo, na ni cha miaka 16. Sasa kiweke kando ya Adili chenye msamiati mgumu. Kigumu ndicho cha mtoto. Kwa hiyo muhuri wa ithibati (kibali cha kitabu kutumika shuleni) na darasa lililoandikwa kwenye jalada visaidie, ila fungua katikati ya kitabu usome kurasa kumi mwenyewe.

MamaWawili_Moro
Mwalimu, Rosa Mistika ipo hapa ndani! Ya baba yao. Naihamishia juu ya kabati la nguo.

Mjukuu_wa_Bibi
Hapo sasa ndipo atakapoanzia.

MwalimuFasihi
Kweli kabisa. Usiihamishe, mwambie "hiki utasoma ukiwa kidato cha tatu kama kaka yako" na ukiache palepale.

Binti_wa_Maktaba
Hakuna aliyetetea njia ya tatu, naitetea mimi. Vya rika lake havijaisha, ni kwamba madukani wanaweka mbele vya kiada. Ulizia *Marimba ya Majaliwa*, riwaya ya watoto ya Edwin Semzaba, huyohuyo wa Ngoswe: ni safari ya kuzunguka Tanzania na si nyembamba. Ulizia pia *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Na mwandikishe maktaba ya mkoa hapo Morogoro, maana mtoto wa namna hiyo ukitegemea kununua utafilisika. Akiacha kitabu katikati usimgombeze, mpe kingine.

Baba_Nasra
Nakubali yaishe, ila Abunuwasi hamjamgusa. Hekaya fupi fupi, ujanja mtupu, baba na mtoto mnacheka pamoja. Na mtihani wa darasa la saba unakaribia jamani, asisahau hesabu.

MamaWawili_Moro
Hesabu anapata, baba, asante 🙏. Nimemwekea mezani Takadini na Adili bila kusema kitu. Ameanza na Takadini, chakula kimepoa. Marimba na Alisi nitavitafuta mwisho wa mwezi. Nimeona Alisi iko tafsiri ya 1940 na ya 2015, nichukue ipi?

Binti_wa_Maktaba
Ya 2015, ndiyo ya Ida. Ile ya 1940 ukibahatika kuiona kwa wauza vitabu vya mitumba, usimpe mtoto, niuzie mimi.