Mwanza kwenda Dar na mama mgonjwa wa magoti, basi, treni ya SGR au ndege?

MwanaIgoma
Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 67, magoti yamechoka kabisa na tumepewa rufaa toka Bugando kwenda MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, tarehe yake ni Jumatano ya wiki ijayo. Mimi Dar nimezoea basi, napanda Nyegezi alfajiri nashuka Mbezi Luis usiku mnene, kwangu sio shida. Ila mwaka jana nilisafiri nae hivyo hivyo kwenda msibani Moro akashuka hawezi hata kukanyaga, miguu imevimba viatu havivuliki, na ile kuchimba dawa porini kwa mtu asiyeweza kuchuchumaa jamani, kumbe njia nzima alikuwa hanywi maji makusudi asije akasumbua watu. Iliniuma sana. Ndege tumepiga hesabu, watu wawili kwenda na kurudi hela ya vipimo inaisha. Sasa nasikia watu wanaunga, basi mpaka Dodoma afu SGR. Aliyewahi kufanya hivyo na mgonjwa anielekeze tafadhali.

Mkazi wa Makulu
Pole mkuu, mama augue pole. Kuunga kunawezekana na kwa hali yake ndo nafuu, ila usiunge siku moja!! Hapo ndo watu wanapokosea, mtu anakata treni ya jioni afu basi linapata pancha huko Singida, treni haimngoji mtu. Njooni na basi la alfajiri, mlale Dodoma mama anyooshe miguu, kesho yake treni ya asubuhi. Stendi ya mabasi ipo Nanenane, stesheni ya SGR ipo Mkonze, ni mbali so tenga hela ya bajaji au teksi kabisa. Treni yenyewe masaa kama matatu na nusu hadi manne, choo kipo humo humo, akichoka kukaa anainuka anatembea kidogo. Nauli ya daraja la kawaida Dodoma Dar ilivyoanza 2024 ilikuwa 31,000, cheki ya sasa. Tiketi kateni mapema hasa mkiangukia Ijumaa au Jumapili, na vitambulisho vyenu wote wawili mbebe mkononi sio kwenye begi la chini.

Mama Upanga
Mwanangu nimefanya kazi wodini miaka mingi, hilo la kutokunywa maji usiliache lipite. Kabla hamjatoka rudi kwa daktari wake mueleze hiyo miguu kuvimba na safari yenyewe, uulize kama kuna dawa au soksi maalum anahitaji, maana mtu mzima kukaa kitako masaa kumi si jambo dogo. Kwenye basi kata siti ya mbele upande usio na dereva anyooshe mguu, na ongea na konda mapema bila haya, wengi wanasimama sheli yenye choo cha kukaa ukiwaambia kuna mgonjwa. SGR ina faida nyingine, inakushusha mjini kabisa stesheni ya Magufuli, hapo na Muhimbili ni karibu. Ukishukia Mbezi bado una foleni yote ya Kimara na Ubungo na mtu keshachoka. Barua ya rufaa, picha za eksirei za zamani na kadi ya bima zikae pamoja.

Ngosha wa Kirumba
Wote mnaongelea kwenda tu. Kama MOI wataamua wampasue, kurudi ndo kugumu kuliko kwenda, mtu ana mshono na hakunji goti utampandisha basi la Dodoma Mwanza? Mimi nilimrudisha baba hivyo na najuta mpaka leo. Hela mliyonayo ya ndege msiitumie kwenda, itunzeni ya kurudi, Dar Mwanza ni kama saa moja na nusu hivi hewani. Daktari wa huko ndo aseme lini anaruhusiwa kuruka, na mkikata muwaambie anahitaji kiti cha magurudumu.

MwanaIgoma
Ngosha hilo sikuliwaza kabisa, asante sana kaka. Mama Upanga shikamoo, kesho asubuhi naenda Bugando. Basi tunatoka Jumatatu alfajiri, Jumanne treni, hela ya ndege naiweka pembeni siigusi. Mkuu wa Makulu, kuna gesti ya bei ya kawaida karibu na Mkonze yenye vyumba vya chini? Ngazi hawezi hata tatu.

Mkazi wa Makulu
Zipo, kesho napita huko na pikipiki naulizia chumba cha chini chenye choo cha kukaa, nakupa jibu hapa hapa jioni.