Nyumba ya magogo ya miaka ya 1790 na ekari 22, Kentucky: tununue? Naomba ushauri

Mwana_Muheza:
Habari za jioni wakuu. Mimi na mume wangu tupo Lexington, Kentucky, huu mwaka wa 11. Yeye anaendesha lori la masafa marefu, mimi nahudumia wazee. Akiba yetu yote tumeiwekea shamba. Nimekulia Muheza kwenye michungwa, na kukaa mahali nisiposhika jembe sijakuzoea hadi leo.

Wiki iliyopita tulionyeshwa ekari 22, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Kuna banda la zamani la kukaushia tumbaku, kisima, kijito, na nyumba ya magogo ambayo tangazo linasema ni ya miaka ya 1790 na "imekarabatiwa yote". Nilipoingia ndani maneno yaliniisha. Magogo ya mwaloni yamechongwa kwa shoka na alama za shoka bado zinaonekana. Kwenye pembe ncha zimekatwa zikashikana zenyewe, sikuona msumari. Meko ya mawe ni kubwa, mtoto wangu wa miaka saba alisimama ndani yake wima.

Bei dola 485,000. Dalali anasema kuna mteja mwingine, tujibu kabla ya Ijumaa. Nyumba ya aina hii hatuijui kabisa. Halafu kuna mtu ametuambia ikiwa kwenye orodha ya kihistoria ya taifa huruhusiwi hata kubadili dirisha. Nisaidieni, nakosa usingizi.

FundiMbao:
Dada, mimi ni seremala Ohio, nyumba za magogo nimeshakarabati nne. Kabla ya bei, ulizia kitu kimoja: katikati ya magogo wamejaza nini?

Wazee walijaza vipande vya mbao au mawe, juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu au manyoya ya wanyama, na chokaa. Vitu laini. Gogo likivimba wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu, udongo ule huenda nalo. Wakarabati wengi wa karne iliyopita waliutoa wakapiga saruji. Saruji haiendi na mti. Hutengana na gogo, maji ya mvua hupita kwenye ule ufa na kukaa nyuma yake, gogo linaoza kwa ndani huku nje linapendeza.

Kwa hiyo mwombe mwenye nyumba ruhusa, piga magoti na bisibisi, choma gogo la chini kabisa pande zote nne. Usisahau karibu na dohani wala chini ya madirisha. Kwenye mti usiooza bisibisi inagoma. Ukiona pia namba za Kirumi zimechongwa kwenye magogo, huenda nyumba ilibomolewa kwingine ikasimamishwa hapo. Si kosa, lakini uliza ilitoka wapi.

Mpangani:
FundiMbao umenikumbusha nyumba ya babu, Pangani. Kuta za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko. Tulikusanya pesa ndugu wote tukapiga plasta ya saruji, ikang'aa. Baada ya masika tatu ukuta ukaanza kutoa chumvi, plasta ikadondoka na vipande vya jiwe lenyewe. Chokaa hupitisha unyevu, saruji huufungia ndani. Dada, msikilize fundi.

Hati_Safi:
Hilo la dirisha si kweli. Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, iliyotokana na sheria ya 1966, haimzuii mwenye nyumba anayetumia pesa zake mwenyewe. Vinavyofunga ni masharti ya mji au kaunti kama eneo limetengwa, na mkataba wa hifadhi, yaani ahadi ya kutobadili jengo, ulioandikishwa kwenye hati. Huo unamfuata kila mnunuzi, mara nyingi milele. Mwanasheria auchunguze kabla hujasaini chochote.

Kuna na faida: Kentucky ina punguzo la kodi la asilimia 30 ya gharama za ukarabati kwa nyumba iliyo kwenye rejista hiyo unayoishi mwenyewe, kazi ikiwa imeidhinishwa na kuanzia dola 20,000. Lakini jengo lililohamishwa kwa kawaida halipokelewi kwenye rejista, kwa hiyo zile namba za Kirumi ni muhimu.

Baba_Furaha:
Mama, mimi ni mtu wa Uvira, niko Kentucky pia, nafuga mbuzi kwenye shamba la kukodi. Chini ya udongo wa huku ni mawe ya chokaa yenye matundu. Maji ya mvua yanashuka haraka bila kuchujwa, mavi ya ng'ombe wa jirani yanafika kisimani kwako. Pima maji, bakteria na naitreti, kabla ya kusaini. Shimo la maji machafu lifunguliwe ulione.

Mbuzi wanauzika, na lengalenga, ninyi mnaita mchicha, watu wetu wananunua kiangazi chote. Lakini joto la huku lenye unyevu lina minyoo inayonyonya damu. Kila baada ya wiki mbili nafunua kope za kila mbuzi, zikiwa nyeupe natibu. Kuanzia ekari 10 kaunti inaweza kukutoza kodi ya ardhi ya kilimo, ni nafuu kubwa. Deni la nyumba lakini usilitwishe mbuzi. Mshahara ulipe nyumba, shamba lijilishe lenyewe kwanza.

Mwana_Muheza:
Asanteni sana. Tumerudi leo Alhamisi. Mwenye nyumba ni mzee mpole, alikubali na akatuletea mto wa kupigia magoti. Pande tatu bisibisi iligoma. Upande wa kaskazini, nyuma ya dohani, ilizama mpaka kwenye mpini. Na katikati ya magogo ni saruji, nyumba nzima. Anasema aliikuta hivyo. Namba hatukuona. Maji tumepeleka kupima, na dalali tumemwambia Ijumaa hatujibu.

FundiMbao:
Mmefanya vizuri. Gogo la chini hubadilishwa, nyumba inanyanyuliwa kidogo kwa jeki. Kazi kubwa ni kutoa saruji yote na kurudisha chokaa. Tafuta fundi wa magogo akupe makisio kwa maandishi, kiasi hicho kitoke kwenye bei. Nitumie picha za ile pembe ya kaskazini.

Mwana_Muheza:
Nimetuma tatu. Ya mwisho nimeweka kidole pembeni ya tundu uone ukubwa wake.