Karatasi za familia ya Kiyahudi ya Berlin: huyu bibi alihamia wapi 1942?

BintiKaratasi

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaoijua historia ya Wayahudi wa Ujerumani enzi za Hitler. Kuna mkusanyiko wa karatasi za familia moja ya Berlin umeskaniwa wote uko mtandaoni, nina kama wiki tatu nausoma usiku baada ya kazi na Kijerumani changu ni cha darasani tu. Familia yenyewe ni baba, mama, binti wa miaka 11 na bibi mzaa mama. Baba alikamatwa Novemba 1938 akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, kuna cheti cha kuachiwa Desemba. Binti kapelekwa Uingereza Machi 1939, mwezi uliofuata baba na mama wakapanda meli kwenda Shanghai. Bibi akabaki.

Sasa vinavyonichanganya. Kwanza majina, kwenye pasipoti za 1939 mama kaongezewa Sara na baba kaongezewa Israel, mwanzoni nilidhani ni watu wengine kabisa. Pili kuna orodha ya mizigo kurasa nne, imeandikwa mpaka leso, halafu vijiko vya fedha vimekatwa kwa kalamu nyekundu vikabaki vichache. Nani anahesabu leso za mtu anayehama?

Tatu ndio kubwa. Bibi ana mkataba wa Agosti 1942, kwa nilivyoelewa analipia nafasi kwenye makazi ya wazee, atapewa chumba, chakula na matibabu mpaka mwisho wa maisha yake. Nilifurahi kweli nilipousoma, nikasema angalau huyu mama alipata pa kupumzika. Ila baada ya hapo hakuna karatasi yake hata moja. Alihamia wapi?

Mtunza Faili

Dada hao ni watu wale wale. Agosti 1938 ilitoka amri kwamba Myahudi ambaye jina lake haliko kwenye orodha ya majina ya Kiyahudi iliyowekwa na serikali lazima aongeze Israel kama ni mwanaume, Sara kama ni mwanamke, ikaanza kutumika Januari 1, 1939. Ukibahatika kupata vyeti vyao vya kuzaliwa angalia pembeni, karani alikuwa anaandika jina jipya pale pale ukingoni na baada ya vita mara nyingi kuna maandishi mengine ya kulifuta. Na pasipoti hizo lazima zina J kubwa nyekundu ukurasa wa kwanza, hiyo ni Oktoba 1938, pasipoti zote za Wayahudi zilifutwa mpaka zigongwe hiyo herufi.

Orodha ya leso ni ya ofisi ya fedha za kigeni. Ukitaka kuondoka unaorodhesha kila kitu, kipi ulikuwa nacho kabla ya 1933 Hitler alipoingia madarakani, kipi umenunua baadaye, kipi umenunua kwa ajili ya safari, na hivyo vya safari unavilipia tozo juu yake. Afisa anaweza kusimama nyumbani kwako wakati unafunga masanduku. Februari 1939 ikaja amri ya kusalimisha dhahabu na fedha, ukaruhusiwa pete yako ya ndoa, saa ya fedha, na vyombo vya mezani vilivyotumika seti mbili za vipande vinne kwa kila mtu. Hebu hesabu vijiko vilivyobaki, kama walikuwa wawili wanaosafiri utakuta vinne vikubwa na vinne vidogo.

Nyaraka na Maisha

Naongezea kwenye cheti cha Sachsenhausen. Baada ya usiku wa Novemba 9 kuamkia 10, ule ambao Wanazi walivunja maduka na kuchoma masinagogi ya Wayahudi, walikamatwa wanaume kama 30,000, wa Berlin wengi walipelekwa huko, na aliyeonyesha ushahidi kwamba anaondoka nchini alikuwa na nafasi ya kuachiwa. Ndio maana mama anakimbia ofisi hadi ofisi, utaona risiti zimefuatana tarehe kwa tarehe: kodi ya kukimbia nchi, robo ya mali kwa waliokuwa nayo ya kutosha, kisha tozo iliyowekwa juu ya Wayahudi wote baada ya Novemba, kisha karatasi ya ofisi ya kodi kwamba hudaiwi chochote, bila hiyo husafiri. Mfukoni unatoka na mark 10. Marekani ilikuwa na kikomo cha watu 27,370 kwa mwaka kwa waliozaliwa Ujerumani na Austria, foleni ni ya miaka, lakini Shanghai ulishuka melini bila viza, basi Wayahudi wanaokaribia elfu ishirini wakaishia huko. Mtoto kwenda Uingereza peke yake ni ule mpango uliochukua watoto kama 10,000 mpaka vita vilipoanza, watoto walipokelewa ila wazazi hapana.

Bibi namwachia mwenzangu, sina moyo.

Mtunza Faili

Nitakwambia mimi. Huo mkataba haukuwa wa makazi ya wazee. Kuanzia Juni 1942 wazee wa Kiyahudi wa Berlin walianza kupelekwa Theresienstadt, ghetto, yaani sehemu ya kufungia Wayahudi, lililokuwa ndani ya mji wa ngome ambao leo uko Jamhuri ya Czech, na kabla ya kuondoka waliokuwa na akiba walisainishwa mikataba ya namna hiyo na ule Muungano wa Wayahudi uliokuwa chini ya amri ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Pesa ziliishia kwa polisi hao hao. Huko walilala kwenye madari ya kambi za jeshi, kwenye vumbi, joto la Agosti, bila kitanda. Kati ya watu kama 140,000 waliopelekwa Theresienstadt karibu 33,000 walifia pale pale na 88,000 hivi walipakiwa tena kwenye treni kuelekea mashariki. Wazee wengi wa msimu huo walipelekwa Treblinka, kambi ya mauaji huko Poland, Septemba na Oktoba 1942.

Tafuta jina lake kwenye kitabu cha kumbukumbu cha Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, kiko mtandaoni, na kwenye Arolsen Archives, hifadhi ya nyaraka za waliotendewa ukatili na Wanazi. Halafu Potsdam kwenye hifadhi ya mkoa wa Brandenburg kuna mafaili ya ofisi ya fedha ya Berlin, humo kuna fomu ya kurasa 16 ambayo kila aliyepelekwa aliijaza kabla ya kuondoka, mali yake yote. Huenda mwandiko wake uko humo.

BintiKaratasi

Nimekaa kimya siku mbili, samahanini. Vijiko nimehesabu, vinne na vinne.

Nimerudi kwenye barua za Shanghai. Ule mkataba bibi aliuacha kwa jirani na jirani akautuma kwa mama baada ya vita. Kuna barua ya mama ya 1946, ametaipu, anauliza ofisi ya kutafuta watu waliopotea haya makazi yako mji gani na nani anayasimamia sasa, kwa sababu mama yake alilipa mpaka mwisho wa maisha. Mimi nilikuwa nimeiruka hiyo barua nikidhani ni mambo ya kiofisi. Na kuna ujumbe wa Msalaba Mwekundu wa bibi kwa mjukuu wake Uingereza, ile fomu ya maneno 25, anasema anahama, yuko mzima, asome kwa bidii, anwani mpya ataituma.

Jina lake nimeshalipata kwenye kitabu. Ni Treblinka. Potsdam nimewaandikia leo asubuhi, na zimebaki barua tisa za mwandiko ule wa Kijerumani cha zamani ambazo siwezi kuzisoma, kama kuna mtu anaujua naomba aniambie nimtumie picha.