Rangi ya pedali inabanduka, nifanyeje?

Muulizaji: Wakuu habari, nimemaliza kuunda pedali yangu ya kwanza ya fazi (kile kiboksi cha kukwaruzisha sauti ya gitaa), transista mbili tu na betri ya volti 9, sauti inakwaruza vile vile nilivyotaka yani nina furaha sana. Shida boksi la alumini, nimelipulizia rangi nikachora chui juu, siku mbili tu pembeni inabanduka kama maganda. Nakosea wapi?

Jibu: Hongera mkuu! Hapo hukupiga msasa, alumini inateleza rangi haina pa kushika. Anza na msasa namba 220 halafu 400, futa mafuta kwa spiriti, usiguse tena na vidole, ndo upige praima, ile rangi ya chini ya kushikisha. Na matundu toboa yote kabla ya rangi jamani.

Jibu: Nakazia. Halafu subira, ikinuka bado haijakauka. Vanishi piga nyembamba nyembamba mara tatu, mi niliwahi kumwaga nzito mara moja wino wa maka peni ukasambaa, macho ya bundi niliyemchora yakageuka mawingu, niliumia kweli.

Muulizaji: Asanteni sana. Na pedali inavuma kidogo ikiwaka, rangi inahusika?

Jibu: Inaweza, jeki (tundu la kuchomeka waya wa gitaa) ikikaa juu ya rangi boksi halishiki graundi, yani haliungani na upande hasi wa saketi. Kwangua rangi kwa ndani pale inapogusa.